Siku moja na timu inayoburuza mkia

Saa 11:20 alfajiri. Julai hapa Melbourne ni baridi ya kuingia kwenye mifupa, na mimi mtu wa Tanga sijaizoea hata baada ya miaka tisa. Chai ya tangawizi, soksi jozi mbili, gari.

Kazi yangu ni kutafuta vijana wa kusajili, na wakishasajiliwa nasaidia kuwanoa. Mchezo ni mpira wa Kiaustralia: wachezaji 18 kila upande, uwanja wa umbo la yai, mpira wa umbo la yai, nguzo nne kila mwisho. Ukipitisha kwa mguu kati ya zile mbili ndefu ni pointi 6. Ukipitisha pembeni yake unapewa 1, ya kufuta jasho.

Klabu siitaji. Itoshe kwamba tunaburuza mkia, na si msimu huu tu. Nyumbani ukiburuza mkia Ligi Kuu unashuka daraja. Huku hakuna kushuka. Huku wa mwisho ndiye anayepewa zamu ya kwanza kwenye drafti ya Novemba (siyo ile ya vizibo vya soda kijiweni), achague kijana anayemtaka nchi nzima. Mishahara nayo ina kikomo, hivyo hakuna tajiri wa kumwaga pesa dirisha la usajili likifunguliwa. Jamaa zangu wa Simba na Yanga nikiwaeleza wananiuliza: sasa kama mnachagua mapema kila mwaka, mbona hamtoki huko mkiani?

Saa 1:15 asubuhi. Jibu la swali lao linanisubiri uwanjani, limevaa kofia ya sufu. Ana miaka 19, katokea Perth, umbali wa saa nne hivi kwa ndege. Alipochaguliwa miezi 20 iliyopita alipigwa picha na jezi, magazeti yakamsifu. Leo anacheza timu ya akiba.

Tatizo lake ni dogo kiasi kwamba ukiwa jukwaani hulioni. Mpira huu hupigwa ukitoka mkononi. Yeye anapiga kwa mguu wa kulia, kwa hiyo mkono wa kulia ndio unaotakiwa kuusindikiza mpira ushuke mpaka usawa wa nyonga, ndipo uuachie, juu ya paja lilelile la kulia. Yeye anauachia mapema, karibu na kifua. Akichoka, mkono nao unakata kuelekea kushoto. Mpira ukidondoka kutoka juu namna ile unapata nafasi ya kuyumba, mguu unaukuta ubavuni, na hewani unapepesuka kama tiara iliyokatika uzi.

Kwa hiyo leo hatupigi. Anashusha, anaachia, anaokota. Mara 60. Mimi nimepiga goti kwenye majani yenye umande, simu ikirekodi mkono wake. Kufikia ya arobaini mpira ulianza kutua kwenye kiatu bila kelele, na yeye mwenyewe alilisikia hilo, maana alisimama akanitazama.

"Mbona hakuna aliyewahi kuniambia?" akauliza.

Waliwahi. Ila kocha mkuu akifukuzwa, wasaidizi wanafungasha naye. Huyu kijana mimi ni mtu wa tatu kumshika, na kila mmoja alikuja na lake: wa kwanza alitaka aongeze misuli, wa pili alimhamisha namba. Mama wa familia inayomlea hapa mjini aliniambia kwamba Jumapili, kijana akishaongea na kwao, hali chakula cha jioni. Hilo nalo halikuwa kwenye faili lolote nililokabidhiwa.

Saa 4 asubuhi. Mechi ya vijana chini ya miaka 18, magharibi ya jiji. Maskauti tunasimama pamoja kama tuliofika msibani, kila mtu na chupa yake ya chai, tunaongelea kila kitu isipokuwa kilichotuleta. Kila mmoja anaogopa kumpita mtu bila kumwona. Mchezaji James Hird alichaguliwa wa 79 mwaka 1990, na miaka sita baadaye akavalishwa medali ya Brownlow, ile ya mchezaji bora wa msimu. Anayeikumbuka hadithi hiyo haondoki kabla ya king'ora cha mwisho.

Mimi nimekuja kwa ajili ya mmoja: mrefu, anatumia mguu wa kushoto, ameanza mchezo huu akiwa na miaka 13. Aligusa mpira mara chache. Robo ya tatu mwenzake aliupoteza, naye akageuka akamkimbiza mpinzani karibu nusu ya uwanja, akamkosa. Kompyuta haitahesabu chochote hapo, kwa kuwa hakukamata mtu. Nimeandika kwenye daftari na kupigia mstari.

Saa 7 mchana. Mkate wenye soseji, kikao kwa simu. Bosi anataka zamu zetu zote tuzielekeze kwa watoto. Mimi nataka moja tuibadilishe na mtu mzima, hata mwenye magoti mabovu. Nikamkumbusha klabu ya Brisbane: mwisho wa 2013 vijana watano waliondoka kwa mkupuo, 2017 timu ikaburuza mkia. Msimu uliofuata wakawa na Luke Hodge, bingwa mara nne na klabu ya Hawthorn, mtu aliyekwisha kutangaza kustaafu, akacheza miaka miwili katikati ya watoto. Baadaye akaja kiungo hodari, Lachie Neale. Ubingwa wa 2024 ni wao, na wa 2025 pia. Sisemi ni kazi ya Hodge peke yake. Bosi akasema tutaliongea. Tumeliongea mara tano sasa.

Saa 10 jioni. Nyumbani kwa yule wa mguu wa kushoto. Wazazi ni Wakongo wa Kivu, kijana kazaliwa kambini Nyarugusu, Kigoma. Sebuleni kuna picha ya mchezaji Aliir Aliir, aliyezaliwa kambi ya Kakuma kule Kenya na kuingia kikosi bora cha ligi mwaka 2021. Kabla sijafungua kompyuta sahani imeshawekwa: fufu na sombe, kile ambacho kwetu tunaita kisamvu. Ziara za namna hii bosi hutenga dakika 40. Nilikaa saa mbili.

"Papa, mutamupeleka mbali?" mama akauliza.

Ningeweza kumdanganya, wapo wanaodanganya. Nikamwambia: mama, klabu ziko 18, na atakayemtaja ndiye anamchukua, hata kama ni Perth. Ila kijana yuko kwenye kituo chetu cha kulea vipaji, hivi vilivyoanzishwa 2016 kwa watoto wa wenyeji wa asili na wa wahamiaji, hivyo wengine wakimtaja tunaweza kumbakiza, kwa masharti, tukilipia kwa pointi za zamu zetu za drafti, maana kila zamu ina thamani yake. Mama akatikisa kichwa taratibu. Mzee alikuwa kimya muda wote, kisha akauliza swali moja tu: yule mliyemchukua mwaka juzi, yuko wapi sasa?

Nilimeza tonge kwanza. Nikamweleza habari za asubuhi, mkono, kifua, nyonga, mara 60. Akasikiliza mpaka mwisho. "Basi wewe ubakie hapo," akasema. Sikuwa na la kumwahidi. Mkataba wangu unaisha Oktoba.

Saa 1:35 usiku. Mechi ya wakubwa, uwanja wenye paa kule Docklands, mpira wa njano kwa sababu ni usiku. Tulipigwa kwa pointi 69. Robo ya mwisho shabiki wetu mmoja nyuma yangu alikuwa anashangilia magoli ya wapinzani: afadhali tufungwe, tusije tukaipoteza zamu ya kwanza. Ligi haina utani na mawazo hayo. Mwaka 2013 klabu ya Melbourne ilitozwa dola 500,000 kwa mambo ya msimu wa 2009, ingawa haikuthibitika kwamba klabu ilipoteza mechi kwa makusudi. Lakini shabiki anahesabu Novemba tu. Kitakachompata mtoto atakayechaguliwa, msimu ukianza Machi, si hesabu yake.

Saa 5:40 usiku. Naandika ripoti ndani ya gari, maegesho ya klabu, hita imewashwa. Fomu ina urefu, uzito, mbio za mita 20, kuruka, mguu anaotumia. Kwenye "mengineyo" nimeandika: anarudi kukaba hata asipofikia, wazazi wanauliza nani atakuwepo. Simu ikalia. Ni yule wa Perth, katuma vidio ya sekunde tisa akiwa gereji kwa wenyeji wake, amevaa kandambili: shusha, achia, okota.

Nimemjibu alale. Sombe niliyofungiwa na mama imeshapoa, nikaila hivyohivyo kwa kijiko cha plastiki.