Ghala Limejaa, Damu Imepungua

Mwaka tuliovuna magunia 40 ya mahindi hapa Kilolo ndio mwaka ambao binti yangu, akiwa na miezi 14, alipimwa zahanati akakutwa na wekundu wa damu wa 8.1, ilhali kwa kiwango kilichotumika wakati huo mtoto wa umri wake hakupaswa kupungua 11. Mama mkwe aliniuliza kwa uchungu, "Mwanangu, lini mtoto huyu amelala njaa katika nyumba hii?" Hakuwa amekosea, kwa maana mtoto alikuwa akishiba kila siku. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba mkoani Iringa, tunakolima chakula kingi, watoto 57 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati kwa taifa zima ni 30.

Pamoja na dawa ya madini ya chuma, muuguzi alinitaka nimweleze kila kitu anachokula mtoto, na hapo ndipo nilipojiona. Uji ulikuwa wa sembe, ambayo mashine imekwisha kuiondolea ganda na kiini pamoja na sehemu kubwa ya vitamini na madini. Maharage tuliyala sisi, yeye tukimlowekea ugali katika mchuzi. Kisha alipewa chai ya rangi palepale, nayo huzuia mwili kufyonza chuma.

Nilianza kusaga dona, na maharage nikayaloweka usiku kucha, nikamwaga maji yake, nikayachemsha mpaka yakalainika, nikampondea yenyewe. Dagaa niliwaosha, nikawakausha na kuwatwanga, kijiko kimoja kikaingia katika mboga yake kila mchana, na mnafu nikaukamulia limau, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa chai. Kwa mama mkwe, kumnyima mjukuu chai mezani kulikuwa kumbagua, na sikutaka kumvunjia heshima. Nikamwomba twende naye kliniki asikie mwenyewe. Alisikiliza, akauliza maswali mengi kuliko mimi, na tangu siku hiyo yeye ndiye huiondoa chupa ya chai kabla chakula hakijapakuliwa.

Baada ya miezi mitatu kipimo kilisoma 11.2. Masika dagaa hupanda bei, kwa hiyo nimeatamisha kuku wawili, na vifaranga watakaoanguliwa wakishakua na kuanza kutaga, mayai yao ya kwanza hayatakwenda sokoni.