Kula Kipunjabi bila nyama Arusha: nilivyoacha kuagiza mchuzi mmoja mara tano

Nianze na ushauri mbovu niliopewa, maana ndio ulionigharimu: "Ukienda mgahawa wa Kihindi wa hadhi, kila mtu aagize sahani yake, mengine waachie jikoni." Nikafuata. Tulikuwa sita, upande wa Uzunguni, vitambaa vyeupe mezani, glasi za miguu mirefu. Shangazi ni Msabato na hagusi nyama, kwa hiyo sote tulikubaliana tule kama yeye. Mimi nikashika menyu kama mtu aliyezaliwa Amritsar, kule Punjab, India. Nikataja paneer butter masala, shahi paneer, paneer lababdar (paneer ni jibini lao), malai kofta, yaani vitonge vya paneer na viazi, na dal makhani, choroko nyeusi ya siagi na krimu.

Vifuniko vilipoinuliwa, vibakuli vitatu vilikuwa rangi ya chungwa moja, cha nne kimepauka kidogo tu, na dal nayo imemwagiwa krimu juu. Shemeji akachovya hapa, akachovya pale, akauliza: "Hivi tumeagiza vitano, au ni kimoja kimegawanywa?"

Hakukosea. Jikoni nyingi za namna hii hupika michuzi ya msingi asubuhi, miwili au mitatu: mmoja wa nyanya na siagi, mmoja wa kitunguu kilichokaangwa hadi kikawa hudhurungi, mwingine mweupe wa korosho. Agizo likifika, mpishi anachota, anatia paneer au kofta, anamalizia kwa krimu na majani makavu ya uwatu yaliyosuguliwa viganjani. Majina kwenye menyu yanaweza kuwa kumi na tano, sufuria ni tatu. Si wizi, ndivyo jikoni inavyoweza kulisha meza ishirini kwa saa moja. Ila wewe uliyeagiza kwa kufuata utamu wa majina ndiye unayekula kitu kimoja usiku kucha.

Siku hizi siangalii jina, naangalia kimepikwaje. Cha chungu kilichotokota muda mrefu, kimoja: dal makhani au rajma, yaani maharage mekundu. Cha mchuzi wa krimu, kimoja tu, na hapo ndipo paneer inapoingia. Kikavu cha kukaangwa na viungo, kimoja: bamia, au viazi na koliflawa, ambavyo wao huviita aloo gobi. Kimoja chenye moshi au majani: biringanya la kuchoma, baingan bharta, au saag. Halafu raita bakuli kubwa, maana mtindi ndio unaopoza ulimi na kukata mafuta. Vyombo vinne vikuu kwa watu sita vinatosha kabisa, mkate ndio unaojaza tumbo. Wali wa binzari nyembamba sahani moja ya kuchangia. Punjab, nchi ya mito mitano iliyokatwa 1947 kati ya India na Pakistan, ni nchi ya ngano na maziwa, wali haupo kiti cha mbele. Sisi huku tumezoea chakula cha Kihindi kwa mkono wa Wagujarati, dal nyepesi yenye utamu kwa mbali, ndiyo maana wengi wakiona dal nzito nyeusi wanadhani imeungua.

Kabla ya kuagiza kuna mtego wa lugha. Kwetu "mboga" ni chochote kinachoshushia ugali, hata dagaa. Na ukisema "sili nyama", utaulizwa kwa upole kabisa, "Basi nikuletee kuku?" Sema yote kwa mpigo: sili nyama, kuku, samaki wala supu ya mifupa. Kama huli yai, litaje peke yake, kwa sababu unga wa naan, ule mkate wao laini wa tanurini, jikoni nyingine hukandwa na yai pamoja na mtindi na hamira. Kule India bidhaa za pakiti zisizo na nyama huwekwa kidoti cha kijani ndani ya mraba, na baadhi ya menyu za huku zimeiga. Kwa hesabu yao yai haliingii kwenye kijani, kwa hiyo naan yenye kidoti hicho inapaswa kuwa salama. Inapaswa. Uliza tu. Roti ya tandoori, yaani ya tanurini, haina shida hiyo: unga wa atta, ngano isiyokobolewa, maji na chumvi.

Ukiagiza paneer tikka, omba mishikaki yake isikae tanuri moja kwa wakati mmoja na ya kuku. Mishikaki husimamishwa wima, mafuta yanadondoka, na yakigusa makaa moshi wake unapanda juu ya kila kitu. Mgahawa wa hadhi hautakushangaa ukiomba hivyo. Ukikushangaa, umejua hadhi iko kwenye vitambaa tu.

Sasa hila yangu, ambayo naionea fahari kuliko kitu chochote kwenye karatasi hii. Napiga simu saa kumi jioni na kuuliza maswali mawili: "Dal makhani ya leo ilianza kuchemka saa ngapi?" na "Tanuri mnaliwasha saa ngapi?"

La kwanza linawapima. Choroko nyeusi nzima, ndiyo dal yenyewe, huchanganywa na konzi ya maharage mekundu, ikalowekwa saa 8 hadi 12, kisha ikatokota taratibu kwa saa nyingi, na wapishi wa zamani waliiacha juu ya makaa yanayofifia usiku kucha. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na kila mama wa hapa anajua maharage yetu yanavyokula mkaa. Preshakuka inasaidia kulainisha, lakini uzito ule unatokana na punje kupasuka polepole na kuachia wanga wake mchuzini huku mtu akikoroga. Ukijibiwa "tangu asubuhi" au "tangu jana", iagize. Ukijibiwa "tunaipika ukifika", agiza rajma au achana nayo, maana watakuletea maji ya dengu yaliyozibwa kwa krimu.

Ikifika mezani haihitaji utaalamu. Teka kijiko, weka kwenye sahani tupu, subiri kidogo. Ikikaa kifundo, pembeni kuna uzi mwembamba wa siagi tu, ni yenyewe. Pete ya maji ikijitenga na kuanza kutambaa, iliharakishwa. Kisha bana punje moja kati ya ulimi na kaakaa: ganda bado lionekane lakini ndani iyeyuke. Ikikugomea, haikulowekwa vya kutosha, na tumbo lako litakueleza usiku.

Swali la pili ni la mkate. Tandoor, ndugu wa tanuri letu hata kwa jina, ni chungu cha udongo chenye makaa chini. Linahitaji saa moja au mbili hadi kuta zishike moto sawasawa. Kuta zikiwa baridi naan inateleza na kuangukia majivuni, au inaiva juu huku chini ikiwa mbichi. Wageni wa safari hupenda kula mapema, saa kumi na mbili na nusu wameshakaa, na ndio hula mikate ya kwanza kwanza. Mimi nafika saa mbili. Tanuri likishakolea, joto linapita nyuzi 300, na naan inaiva kwa dakika moja na nusu, madoa meusi juu, chini imeshika rangi kama chapati ya mama aliye makini.

Usiagize naan zote pamoja. Hili nalirudia kwa kila mtu na hakuna anayenisikia. Naan ina dakika tano, saba ukibahatika. Ikipoa wanga unakaza, inakuwa ngozi ya ngoma, na siagi iliyopakwa juu inaganda. Mara ile ya aibu niliagiza kumi kwa mkupuo. Sita zilikuwa kandambili kabla hatujafika nusu ya mlo. Sasa namwambia mhudumu tunapokaa: "Dada, tuletee mbili mbili. Ukiona kwenye kikapu imebaki moja, ita nyingine." Wakati mwingine anasahau, unamkumbusha. Kwa bamia na bharta chukua roti, kwa paneer chukua naan. Naan ya kitunguu saumu ni nzuri lakini inafunika kila ladha, kwa hiyo ije mwishoni.

Paneer yenyewe uliza kama wanaitengeneza hapo hapo. Ni maziwa yaliyochemshwa, yakakatwa kwa ndimu au siki, yakachujwa kwa kitambaa na kukandamizwa. Lita moja inatoa gramu 150 hadi 200 tu, ndiyo maana bei yake inakimbizana na ya kuku. Ibonyeze kwa uma: nzuri inakubali kisha inapasuka. Ikirudi kama sponji na kulia menoni, ama ilikaa friza, ama ilikaangwa mno. Nyumbani ningeiloweka kwenye maji ya moto yenye chumvi dakika kumi ikalainika. Mgahawani, rudisha.

Saag ndiyo iliyomgeuza shemeji, mtu ambaye kwake sherehe bila ndafu ni kikao tu. Kwa Wapunjabi ni majani ya haradali, chakula cha miezi ya baridi, yanapikwa na mchicha kidogo, yanapondwa, yanazitishwa kwa unga wa mahindi kijiko kimoja au viwili, juu kitunguu saumu na tangawizi vilivyokaangwa kwa samli. Huku Arusha tuna loshuu, ambayo ni ukoo huo huo wa haradali, na ule uchungu wake ndio unaotakiwa. Mpishi anayetumia spinachi peke yake anakupa palak, si saag. Huliwa na makki di roti, mkate wa mahindi: unga unakandwa kwa maji ya moto, unapapaswa kwa viganja kwa sababu ukisukumwa kwa mpini unapasuka, unachomwa kwenye kikaango cha chapati, kisha siagi nyeupe na kipande cha sukari guru pembeni. Shemeji alitafuna, akasema, "Huu si ugali uliokanyagwa?" Akaongeza wa tatu. Kwa kawaida haupo kwenye menyu. Omba siku moja kabla.

Siku moja kabla pia ndiyo ya kusema kama kuna asiyekula kitunguu. Kimo tayari kwenye ile michuzi ya asubuhi, hakitoki kwa kuombwa mezani. Pilipili ni vivyo hivyo: "pilipili kidogo" humaanisha krimu nyingi. Asiyestahimili pilipili mchagulie chombo kipole tangu mwanzo.

Lassi tamu, mtindi wa kunywa, niliiagiza mwanzoni, nikashiba kabla ya chakula. Sasa nachukua ya chumvi na binzari nyembamba ya kukaanga, na tamu tunagawana mwishoni badala ya gulab jamun, ambazo ni maziwa mazito yaliyokaangwa na kuzamishwa shira, na baada ya dal makhani ni adhabu.

Bili ya watu sita, pamoja na vinywaji, ilikaribia laki mbili na nusu; ile ya mara ya kwanza ilizidi hapo, na nusu ya chakula ilibaki. Tangu 2025 bei zinatakiwa ziwe za shilingi, kwa hiyo usikubali kupigiwa hesabu ya dola. Tazama kama VAT imeshaingia kwenye bei, na kama kuna tozo ya huduma, ili usitoe bakshishi mara mbili. Dai risiti.

Kinachobaki, funga dal uende nayo. Naan iache. Dal ya jana ni tamu kuliko ya leo, inakaza kwenye friji hadi kijiko kinasimama. Iamshe kwa maji ya moto, si maziwa, moto mdogo, uikoroge hadi ianze kupiga mapovu mazito. Asubuhi shangazi aliila kwa chapati mbili, na shemeji akafika kwenye sufuria amechelewa.