Kolajeni si ya ngozi tu
Mtu akisikia kolajeni huwaza mikunjo ya uso. Haya, lakini ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote mwilini: imo kwenye mifupa, kano, fizi na kuta za mishipa ya damu. Ni nyuzi 3 zilizosokotwa kama kamba. Katika kila uzi, kila asidi amino (kipande kidogo kinachojenga protini) ya tatu ni ile iitwayo glisini, kwa sababu ni hiyo pekee iliyo ndogo kiasi cha kuenea katikati ya msokoto. Vimeng'enya vinavyoimarisha kamba hiyo huhitaji vitamini C. Ikikosekana kwa miezi 1 hadi 3, fizi huvuja damu, vidonda haviponi, hata makovu ya zamani hufumuka: kiseyeye hicho. Miligramu 10 za vitamini C kwa siku hukizuia. Mifupa dhaifu ya kurithi ni jambo jingine. Hitilafu huwa kwenye jeni za kolajeni, vitamini haiirekebishi.