Kupanga Namba: Kuchagua Chama Katika Uchaguzi Mkuu wa Ireland

Swali la "unaunga mkono chama gani?" limekuwa likinizunguka kichwani leo, na kadiri ninavyolitazama ndivyo ninavyoona kwamba kwa Ireland limeulizwa kombo. Karatasi ya kura ya kule haimwombi mtu ataje chama kimoja. Inamwomba awapange wagombea wote waliomo: nani wa kwanza, nani wa pili, nani wa saba. Anayeingia kituoni na jina moja tu moyoni ametayarisha sehemu ndogo ya kazi iliyo mbele yake.

Baadhi ya wasomaji wa Kiswahili walioko kule ni watu waliopata uraia baada ya kuishi na kufanya kazi miaka mingi, na walikotoka walizoea kuweka alama ya vema kwa mtu mmoja, mwenye nyingi akashinda. Kabla ya yote basi, suala la haki: mbunge wa Dáil, yaani baraza la chini la bunge, huchaguliwa na raia wa Ireland, pamoja na raia wa Uingereza wanaoishi nchini humo. Asiye raia lakini anaishi pale kihalali anaweza kupiga kura ya madiwani, na hiyo nayo isidharauliwe. Kujiandikisha au kurekebisha anwani hufanyika kwenye tovuti ya daftari la wapiga kura, na kinachotakiwa ni namba ya PPS (ya utambulisho kwa huduma za umma), tarehe ya kuzaliwa na Eircode, yaani msimbo wa posta wa nyumba. Daftari hufungwa siku kadhaa kabla ya kura. Mwaka 2024 lilifungwa tarehe 12 Novemba kwa uchaguzi wa tarehe 29. Wanaohama nyumba kila mwaka kwa sababu ya kodi ya pango ndio wanaoponzwa zaidi na jambo hili. Jina linabaki mtaa wa zamani, na mtu anakuja kugundua kampeni ikiwa imeshapamba moto.

Sasa karatasi yenyewe. Majina yamepangwa kwa alfabeti ya jina la ukoo, kila moja na picha yake na nembo ya chama. Mwaka 2024 kulikuwa na majimbo 43 na viti 174, kila jimbo likitoa wabunge 3, 4 au 5, na katika baadhi ya majimbo orodha ilipita watu 20. Unaandika 1 kwa unayemtaka kuliko wote, 2 kwa anayefuata, unaendelea hadi utakapotosheka. Karatasi isiyo na alama rasmi ya kituo inatupwa, kwa hiyo itazame unapokabidhiwa. Ukiandika 1 mara mbili imeharibika. Ukiweka vema kwa watu watatu imeharibika pia, kwa sababu hakuna anayeweza kujua wa kwanza wako ni yupi. Ukiandika jina lako au neno la kukutambulisha, halikadhalika. Na ukiandika 1, 2, 3 kisha ukaruka hadi 5, kura yako inasomwa mpaka 3 na kuishia hapo.

Anayetaka kuelewa kwa nini namba za chini zina uzito, na ashike kalamu afanye hesabu hii. Chukua jimbo la viti 4 lenye kura halali 50,000. Gawanya kwa 5, yaani viti jumlisha moja, unapata 10,000, ongeza 1. Kiwango cha kushinda ni 10,001. Wanne wakikifikia wamechukua 40,004, zinabaki 9,996, na mtu wa tano hawezi tena kukifikia. Ndiyo sababu ya ile moja inayoongezwa.

Sema mgombea fulani amepata 12,001 kwenye hesabu ya kwanza. Amepita, na ana ziada ya 2,000. Makarani wanazipitia karatasi zake zote 12,001 kutazama namba 2. Tuseme 8,000 zimemtaja B, 2,000 zimemtaja C, na 2,001 hazina jina linalofuata. Zinazoweza kuhama ni 10,000 lakini ziada ni 2,000 tu, yaani moja kwa kila tano. B anapata 1,600 na C anapata 400. Zile zisizo na namba inayofuata zinabaki kwa mshindi kama sehemu ya kiwango chake. Karatasi zinazohama kwa mkono ni zile zilizowekwa juu kabisa katika kila fungu, hivyo pana chembe ya bahati, na pengo la kura chache tu linaweza kuleta hesabu ya marudio.

Hakuna mwenye ziada? Basi wa mwisho anatolewa, na karatasi zake zote zinakwenda kwa jina linalofuata ambalo bado limo mashindanoni. Hapa ndipo anayeishia namba 1 anapopoteza. Mtu wake akitolewa, karatasi yake inawekwa kando na haisemi tena kitu, wakati viti viwili vya mwisho, ambavyo ndivyo vinavyogombaniwa kwelikweli, bado havijapata wenyewe.

Mfano ulio wazi ni Dublin Central mwaka 2024, jimbo la viti 4. Baada ya hesabu ya kwanza, mgombea huru Gerry Hutch alikuwa wa nne, na Marie Sherlock wa chama cha Labour alikuwa nyuma yake. Kama viti vingekwenda tu kwa wanne wenye namba 1 nyingi, Hutch angekuwa mbunge. Lakini kadiri wengine walivyotolewa, kura zao zilimwendea Sherlock zaidi kuliko Hutch, na kiti cha nne akakichukua yeye. Waliompenda Hutch walimpa 1. Wengi wa waliobaki hawakumpa kitu. Sherlock alikuwa 3 ya huyu, 4 ya yule, na waliomwandikia hiyo 4 ndio waliompeleka bungeni.

Lipo somo la upande wa vyama pia. Mwaka 2020 Sinn Féin ilipata chaguo la kwanza 24.5%, kuliko chama kingine chochote, lakini ilitoka na viti 37 dhidi ya 38 vya Fianna Fáil. Ilikuwa imesimamisha watu 42 tu nchi nzima. Kule Dublin South-Central Aengus Ó Snodaigh alipata zaidi ya 17,000, karibu mara mbili ya kiwango, na hakuwa na mwenzake wa chama wa kuipokea ziada. Ikatawanyika kwa wengine, na chama cha People Before Profit kilifaidika nayo. Ndiyo maana vyama vikubwa hugawa vipeperushi mtaa kwa mtaa: huku mpe fulani 1 na mwenzake 2, kule kinyume chake. Mpiga kura halazimiki kufuata. Ila ni vizuri ajue kwamba kipeperushi kile kimeandikwa kwa hesabu ya jimbo zima, wala hakisemi lolote kuhusu nani kati ya wale wawili ni mbunge bora.

Nije kwenye kuchagua vyama vyenyewe, na hapa nasema ninavyoona mimi.

Usianze na ilani. Anza na serikali gani inawezekana. Tangu Fianna Fáil ilipopata viti 84 kati ya 148 mwaka 1977, hakuna chama kilichopata wingi peke yake. Kila unayempa 1 anakuja na wenzake wa kushirikiana nao, na swali la kwanza la kumuuliza mgombea mlangoni ni hili: chama chako kitakaa na nani, na kimeshakataa kukaa na nani? Mwaka 2024 Fianna Fáil na Fine Gael zote zilisema kabla ya kura kwamba hazitaingia serikalini na Sinn Féin. Aliyetaka Sinn Féin iongoze alipaswa kujiuliza viti vya kufikia wingi wa 88 vingetoka wapi, kisha aandike 2, 3 na 4 zake akiangalia huko: Labour, Social Democrats, na kadhalika. Matokeo yalikuja Fianna Fáil 48, Sinn Féin 39, Fine Gael 38, Labour 11, Social Democrats 11. Jumlisha 48 na 38: ni 86. Vikapungua viti viwili, na kwa viwili hivyo wabunge huru wakawa na bei kubwa. Micheál Martin alichaguliwa Taoiseach, yaani waziri mkuu, tarehe 23 Januari 2025 kwa kura 95 dhidi ya 76, akiungwa mkono na kundi la wabunge huru, na Michael Healy-Rae wa Kerry akapata unaibu waziri. Watu wa Kerry waliompa 1 walijua wanachokitafuta.

Historia ya Fianna Fáil na Fine Gael inachanganya wageni. Vilizaliwa pande mbili za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1922 na 1923, juu ya mkataba na Uingereza, na kwa karibu miaka mia kila kimoja kilikuwa mpinzani wa mwenzake. Familia nyingi bado zinarithishana. Mwaka 2020 viliingia serikali moja kwa mara ya kwanza. Kwa anayechagua leo bila urithi huo, tofauti kati yao ni ndogo kuliko tofauti kati ya chochote kati ya hivyo na Sinn Féin, hasa kwenye nyumba, na kuumiza kichwa sana juu ya nani kati yao awe wa tatu na nani wa nne ni kujichosha.

Chama kidogo ndicho kinachonisumbua kukipima. Kikikaa nje hakitekelezi kitu. Kikiingia kinabeba lawama za wakubwa. Labour ilitoka viti 37 mwaka 2011 hadi 7 mwaka 2016. Green Party ilitoka 12 mwaka 2020 hadi 1 mwaka 2024. Sidhani wapiga kura wanatenda haki hapa. Kama ulikipa chama kidogo kura kwa ajili ya jambo moja, tafuta kwanza kama jambo hilo lilifanyika, ndipo ukiadhibu kwa mengine.

Kisha nyumba, kwa sababu kule hakuna suala linalowagusa watu karibu zaidi. Kila chama kina idadi yake ya kuahidi, na idadi peke yake haina maana. Muulize mgombea nani atajenga, halmashauri au kampuni binafsi. Kwenye ardhi ya nani. Na kama eneo hilo lina maji na mfumo wa majitaka wa kutosha, maana mitaa mipya hukwama hapo hata kibali kikiwepo. Muulize pia kama anahesabu nyumba zilizoanzwa au zilizokamilika. Wakati wa kampeni ya 2024 serikali ilisema mwaka ule ungefunga na nyumba karibu 40,000. Takwimu za Januari zikaonyesha 30,330, chini hata ya lengo la 33,450. Watu walikuwa wameshapiga kura. Jambo kama hili linastahili kukumbukwa na kila mwenye penseli mkononi safari ijayo.

Msaada wa kununua nyumba mpya kwa mara ya kwanza, unaofika euro 30,000, ni kipimo kingine kizuri. Wapo wanaotaka uongezwe na wapo wanaotaka uondolewe polepole kwa hoja kwamba unapandisha bei. Anayekusudia kununua nyumba mwaka ujao na anayekusudia kuendelea kuishi nyumba ya kupanga wanaweza kuwa marafiki wa damu na bado wakaandika namba tofauti kabisa, kila mmoja kwa haki yake.

Kosa ambalo hufanywa na watu wazuri ni kumpa mtu 1 kwa sababu alisaidia kupata kadi ya matibabu au kufukia shimo la barabara. Wabunge wa Ireland hupokea watu wa jimbo lao kila wiki, na katiba inataka mbunge mmoja kwa kila watu 20,000 hadi 30,000, kwa hiyo ni rahisi kumfahamu kwa uso. Lakini barabara za mtaa na nyumba za halmashauri ziko chini ya halmashauri 31, na bungeni mbunge wa chama hupiga kura kama chama kilivyoamua. Rekodi ya kila upigaji kura iko wazi kwenye tovuti ya bunge. Dakika kumi pale zitakuonyesha mengi kuliko wiki nzima ya mabango.

Limebaki swali la mwisho wa orodha. Wengi huuliza kama kumpa usiyempenda namba 12 ni kumsaidia. Haimsaidii dhidi ya yeyote uliyemweka juu yake, kwa kuwa karatasi haimfikii mpaka hao wote wawe wamepita au wametolewa. Inamsaidia tu dhidi ya wale uliowaacha bila namba. Kwa hiyo kama kuna mmoja unayemhofia kweli, andika namba kwa wengine wote, hata wasiokuvutia, na yeye peke yake umwache mtupu. Kama wapo wawili na huoni tofauti yao, waache wote wawili.

Asubuhi baada ya kura, masanduku hufunguliwa na mawakala wa vyama huegemea uzio wakisoma karatasi zinapokunjuliwa, wakichora vistari vya tanotano kwenye orodha zao. Ikifika mchana wanajua mtaa gani umempa nani. Hizo ni namba 1 tu. Jioni, msimamizi anapomtangaza wa kwanza kutolewa na fungu lake kupelekwa mezani, makarani huanza kuzifunua upya karatasi zile zile, safari hii wakitafuta 2.