Mannheim hadi Pforzheim kwa njia ya Bertha Benz

Mwenye haraka ya kufika Pforzheim kutoka Mannheim hushika barabara kuu ya A5, na kwa saa moja na kitu amefika. Sisi tulifuata vibao vya Bertha Benz Memorial Route, njia inayopita miji na vijiji vya Ujerumani alivyopitia Bertha, mke wa mvumbuzi wa gari Karl Benz, akiwa na gari la mumewe mnamo Agosti 1888, yeye na wanawe Eugen na Richard, bila kumuaga mume. Kwenda na kurudi ni kilomita 194 hivi.

Kituo cha kwanza ni Ladenburg, kwenye makumbusho yaliyo ndani ya kiwanda cha zamani cha Benz. Ukitazama nyuma ya gari lile la magurudumu matatu utaona silinda moja imelazwa, na flaiwili kubwa, gurudumu zito linaloendeleza mzunguko wa injini, imelala bapa. Kuliwasha ni kuishika flaiwili kwa mikono na kuizungusha. Nguvu hutoka kwa mkanda hadi kwenye shafti yenye difu, yaani gia zinazoacha magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti, kisha cheni mbili, moja kwa kila gurudumu la nyuma. Gari la kwanza, lililoombewa hataza (haki ya mvumbuzi) tarehe 29 Januari 1886, lilikuwa na silinda ya sentimita za ujazo 954 na halikufikia nguvu ya farasi mmoja. Bertha alichukua toleo la tatu, lenye nguvu zaidi. Gurudumu la mbele ni moja tu kwa sababu Benz alikuwa bado hajapata usukani wa magurudumu mawili uliomridhisha. Aliupata mwaka 1893.

Baada ya Heidelberg tulishuka Wiesloch, mbele ya duka la dawa ambalo wenyeji huliita kituo cha kwanza cha mafuta duniani. Wanastahili kujisifu. Gari halikuwa na tangi. Mafuta yote, lita 4.5, yalikaa ndani ya kabureta, chombo cha kuchanganya mafuta na hewa. Kabureta yenyewe haikunyunyiza kitu: hewa ilipita juu ya mafuta na kubeba mvuke wake. Ndiyo maana Bertha alitafuta ligroini, mafuta mepesi yaliyouzwa dukani humo kwa kusafishia nguo. Mafuta ya taa yasingefaa, hayatoi mvuke wa kutosha yakiwa baridi. Hata ligroini ilikuwa na kasoro yake: sehemu nyepesi hutangulia kuruka, nzito hubaki, na kadiri mabaki yanavyozidi ndivyo injini inavyokuwa ngumu kuwaka.

Maji yalisumbua zaidi ya mafuta. Hapakuwa na rejeta ya kupoza maji. Maji yaliizunguka silinda, yakachemka, yakatoka kama mvuke, basi ikawa kila penye kisima, kijito au nyumba ya wageni ni kusimama na kujaza. Mrija wa mafuta ulipoziba, Bertha aliuzibua kwa pini ya kofia. Waya wa umeme wa plagi ulipochubuka, aliufunga kwa mkanda wa soksi. Cheni ilishughulikiwa na mhunzi wa Bruchsal.

Kutoka Bruchsal hadi Durlach ni tambarare, hakuna la kusimulia. Ukigeuka mashariki kuelekea Wilferdingen vilima vinaanza, na hata gari la leo linaomba gia ndogo. Lile la Bertha halikuwa na gia ya kupandia, kwa hiyo vijana walishuka kusukuma. Kuteremka ndiko kulikokuwa na hatari: breki zilikuwa vipande vya mbao vinavyobanwa kwenye magurudumu, na mbao zilikwisha upesi. Huko Bauschlott, kijiji cha karibu na Pforzheim, fundi viatu alizipigilia ngozi. Ngozi hukamata kuliko mbao, na ikiisha unabadilisha ngozi peke yake. Hizo ndizo lainingi za breki za kwanza.

Jioni Bertha alimpelekea mumewe simu ya maandishi kwamba wamefika. Siku chache baadaye walirudi kwa njia nyingine, kupitia Bretten na Hockenheim, nasi tulirudi huko huko. Benz alipopata taarifa ya vile vilima, aliongeza gia ya kupandia.