Mwezi kumi na sita: siku yangu pwani na Darasa la Tano

Saa 11 alfajiri

Nikitoka msikitini hupita pwani kutazama maji, hata siku ambazo sina kazi nayo. Leo ni mwezi kumi na sita, yaani siku ya kumi na sita tangu mwezi kuandama. Ni bamvua la mwezi mpevu, siku ambazo maji hujaa sana na kukauka sana, na bahari ya Jambiani, kijiji chetu cha Unguja, imejaa mpaka inafika kwenye mizizi ya minazi. Mgeni akiiona saa hii haamini kwamba kabla ya adhuhuri tutakuwa tunatembea humo humo kwa miguu na watoto arobaini na tatu. Safari zangu za pwani nazipanga kwa kalenda ya Kiislamu. Ratiba ya skuli inafuata nyuma, na mwalimu mkuu ameshazoea.

Saa 12 na nusu

Chai na muhogo wa kuchemsha, kisha kufunga mzigo: vipimajoto viwili, fremu nne za mabomba ya maji zenye upande wa nusu mita, fimbo mbili nilizozichora mistari ya sentimita, na filimbi. Vingine vyote vikisahaulika tutajitafutia njia. Bila filimbi hatuendi.

Saa 1 na nusu

Getini nimemkuta bibi wa mwanafunzi mmoja. Nimemwamkia, akaitikia, kisha akanikabili: "Mwalimu, huyu anakwenda pwani tangu hajaota meno. Mnamfundisha nini huko ambacho miye sikumfundisha?"

"Bi mkubwa, wewe umemfundisha maji yanatoka lini. Mimi nataka aniambie kwa nini."

"Haya," akasema, kwa ile haya ya mtu ambaye hajakubali. Na kwa kweli ana haki. Kitabu cha sayansi kinamweleza mtoto wa Jambiani habari za bahari kama vile hajawahi kuiona, kumbe mama yake analima mwani humo na kaka yake analala akisikiliza upepo umegeukia wapi.

Saa 2

Darasani nimeuliza swali moja tu: leo maji yatakauka kabisa saa ngapi? Mikono yote juu. "Saa nne na robo!" Na kesho? Hapo wakaanza kuhesabu vidole. Tukaandika ubaoni: kutoka maji kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku yanachelewa kwa wastani wa dakika 50, kwa sababu mwezi nao umesogea na dunia inabidi izunguke zaidi kidogo kuufikia. Binti mmoja wa kiti cha nyuma akapinga: nyumbani kwao wanasema siku za bamvua hayachelewi kiasi hicho. Yuko sawa. Karibu na bamvua ucheleweshaji hupungua, na siku za maji mafu, yanayojaa na kukauka kidogo tu, huzidi saa nzima. Nimemwita mbele awaeleze wenzake.

Kisha likaja swali ambalo huwa nalingoja: kama mwezi ndio unaovuta maji, mbona bahari inajaa mara mbili kwa siku, hata mwezi ukiwa upande wa pili wa dunia? Nimechukua watoto watatu nikawapanga mstari: maji ya karibu, dunia, maji ya mbali. Mwezi unamvuta wa kwanza kwa nguvu, wa pili kidogo, wa tatu kidogo kuliko wote. Wakavutwa, nafasi ikatanuka pande zote mbili. Wa mwisho akalalamika kwamba ameachwa. "Ndiyo hivyo hivyo," nikamwambia, "na maji ya upande ule yameachwa." Jua likikaa mstari mmoja na mwezi, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, linaongeza nguvu, na hapo ndipo bamvua.

Saa 3 na nusu

Tumeshuka. Wote wamevaa viatu, vingine ni vya kaka zao. Mbele yetu akina mama wameinama kwenye mashamba ya mwani, wanafunga vipande kwenye kamba. Kilimo hiki kilianza hapa kwetu na kijiji jirani cha Paje mwaka 1989, na watoto wengi niliowashika mkono leo wamesomeshwa kwa fedha hiyo.

Fremu ya kwanza tumeiweka juu ya nyasi bahari. Nimewaambia wang'oe unyasi mmoja tu, taratibu. Umetoka na shina lililolala chini ya mchanga, lenye vijimizizi vyeupe kama nyuzi. Halafu wakashika kipande cha mwani: hakina mzizi, kinafyonza chakula kwa mwili wote. Nyasi bahari ni mmea kamili, unatoa maua chini ya maji, na mizizi yake ndiyo inayoshika mchanga usichukuliwe.

Kuna mtoto ambaye darasani kusoma kunamtoa jasho. Pwani ndiye mwalimu. Amesimama ghafla, akanyooshea kidole tundu ambalo sisi sote tumelipita: nje yake kuna makombe yaliyovunjwa na maganda ya kaa. "Pweza yumo. Hizi ni taka zake." Na alikuwemo. Nimemtuma awafundishe wenzake kutazama, kisha tukamwacha pweza na nyumba yake.

Jiwe tunalipindua kwa mikono miwili na tunalirudisha lilivyokuwa. Viumbe wa chini ya jiwe wakiachwa juani hawafiki jioni. Kwenye sheria hii sina utani.

Saa 4 na robo

Maji yamefika mwisho wake. Kipimajoto kwenye dimbwi: nyuzi 34. Kwenye mkondo wa nje: 29. Mama mmoja akanyanyuka, mikono kiunoni: "Sasa unaona kwa nini kotoni inatufia?" Kotoni ndiyo mwani wenye bei, lakini haivumilii joto, inageuka nyeupe, inalainika, inakatika. Wengi wamebaki na spinosamu, inayostahimili zaidi na kulipa kidogo. Watoto wameandika nyuzi zote mbili bila mimi kuwaambia. Nimewaongezea kwamba mwaka 1998 bahari ilipopata joto kali, matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yalipauka na kufa.

Tukachomeka fimbo mbili kwenye mkondo, makundi mawili yakawa yanasoma kila robo saa.

Saa 5 na robo

Filimbi. Mwanzoni maji hupanda polepole na kumdanganya mtu, kisha saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kupanda yanakuja mbio. Tena hayaanzi mbele yako: yanajaza mikondo iliyo kati yako na ufukwe. Mtoto mmoja alitaka kurudi kuchukua kiatu. Hapana. Kiatu kimekwenda.

Saa 6

Uji, kutawadha, sala. Nusu ya darasa wana mchanga masikioni.

Saa 8

Tumechora grafu. Hapa natumia muda mrefu, kwa sababu watoto wanapenda pwani na hawapendi mistari. Wamelalamika kwamba darasa jingine lilipelekwa kisiwa cha Chumbe, kuona mwamba unaolindwa tangu 1994, na wao hawajapelekwa. Nitajaribu, boti na mafuta ndiyo mtihani.

Saa 10 na nusu

Watoto wako madrasa, maji yamerudi pale pale kwenye minazi, nami nasahihisha. Kundi la kwanza: katika saa moja maji yalipanda sentimita 1, 4, 7, 10, jumla 22. Kundi la pili: 31. Fimbo moja hatua chache kutoka kwa nyingine, mkondo ule ule. Sikuweka kosa wala alama. Pembeni nimeandika kwa wino mwekundu: "Mlisoma fimbo wimbi likiwa juu, au limeshuka? Kubalianeni kabla ya Jumatano."