Timu ina watu kumi

Jumamosi hii sichezi. Nimeshaaga kwenye grupu la WhatsApp la maveterani, na majibu ndiyo hayo: "Mafua tu yanakuweka nje, kaka?" Mwingine kanitumia picha ya mtoto ananyonya chupa. Sawa.

Homa imeisha juzi, lakini nikipanda ngazi za ofisini bado nashika ukuta kwanza ndipo niongee. Zamani ningeenda hivyohivyo. Niliamini homa inatolewa kwa jasho: vaa sweta, kimbia raundi kumi, kwisha. Aliyeniharibia imani hiyo ni Alphonso Davies, yule beki wa Kanada na Bayern Munich. Sote ni namba tatu, mabeki wa kushoto. Kufanana kwetu kunaishia hapo.

Januari 2022 alipata korona. Bayern walipompima kabla ya kumrudisha uwanjani wakakuta dalili za uvimbe kwenye misuli ya moyo. Kijana wa miaka 21, na mbio zile! Wala hakuanguka popote. Kipimo ndicho kilichomnasa.

Shemeji yangu ni muuguzi. Alinieleza huku anamenya viazi: virusi, hata vya mafua, vinaweza kuingia kwenye misuli ya moyo, askari wa mwili wanavifuata, na vita inapiganwa kwenye nyama ileile inayosukuma damu. Ukiukimbiza moyo huo unazidi kuumia. Likibaki kovu, linavuruga umeme wa moyo, na hapo ndipo mtu anadondoka ghafla. "Mguu ukivunjika unafungwa hogo kila mtu akaona," alisema. "Moyo nani anauona?" Mwanamichezo mwenye tatizo hilo mara nyingi hukalishwa miezi 3 hadi 6, kisha anapimwa upya. Jumatatu ananipeleka mimi nikapimwe huo umeme.

Machi 27 mwaka huohuo wa 2022 Kanada waliifunga Jamaika 4-0 kule Toronto, wakafuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1986. Davies hakucheza; alikuwa mbele ya kamera yake, analia mubashara mtandaoni. Video ile nimeirudia kuliko hata bao lake la Qatar dhidi ya Kroatia, lile la dakika ya 2. Alirudi uwanjani Aprili ya 2022, Bayern wakicheza dhidi ya Villarreal.

Yeye alikuwa na jopo la madaktari la kumwambia hapana. Mimi nina shemeji.

Kapteni ameandika tena sasa hivi: tuko kumi, beki wa kushoto hakuna. Nimezima data.